Majina ya Waliokufa Safarini: Kutoka Maombolezo ya Wanaanga hadi Bandari ya Kalemie

Jimbo la Tanganyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambalo makao yake makuu ni mji wa Kalemie, limewahi kuguswa na historia ya safari za anga za juu kwa namna ambayo vitabu vya shule havijaisimulia vya kutosha. Katika miaka ya 1977 na 1978, eneo hili lilipokuwa bado kaskazini ya mkoa wa Shaba katika nchi iliyoitwa Zaire, kampuni ya Kijerumani ya OTRAG, iliyoanzishwa na mhandisi Lutz Kayser, ilirusha roketi tatu za majaribio kutoka nyanda za juu zilizo kando ya mto Luvua, ndani ya ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 100,000 ambayo serikali ya Rais Mobutu Sese Seko ilikuwa imeikodisha. Roketi, yaani chombo kinachosukumwa na gesi ya moto inayofyatuka nyuma yake kwa nguvu, iliruka salama kwa mara ya kwanza Mei 17, 1977. Ya tatu ilirushwa Juni 5, 1978 mbele ya Mobutu mwenyewe, ikapoteza mwelekeo mara baada ya kuruka na kuanguka, na mwaka uliofuata, chini ya shinikizo la Umoja wa Kisovieti na mataifa mengine, mkataba ukavunjwa. Roketi hizo hazikubeba mtu, kwa hiyo kuanguka kwa ile ya tatu hakukuweka matanga katika nyumba yoyote. Hata hivyo, historia ya jinsi mataifa yalivyowalilia waliokufa katika safari za anga inauhusu mji wa Kalemie kwa karibu zaidi kuliko roketi zenyewe, kwa sababu ni historia ya majina, na majina ndiyo ambayo misiba ya ziwa na ya reli imekuwa ikiyakosa.

Maombolezo ya umma hutofautiana na matanga ya ukoo. Katika matanga, majirani na ndugu hukusanyika kwa sababu walimjua marehemu, walikula naye na wanawajua watoto aliowaacha. Katika maombolezo ya umma, bendera hushushwa nusu mlingoti, kiongozi wa nchi hulihutubia taifa na watu humlilia mtu ambaye hawakuwahi kukutana naye. Ili hilo liwezekane ni lazima kwanza marehemu ajulikane kwa jina na kwa sura, na hapo ndipo wanaanga, yaani watu wanaosafiri nje ya tabaka la hewa linaloizunguka dunia, walipokuwa na bahati ambayo abiria wa kawaida hana: majina yao hutangazwa kabla hawajaondoka, picha zao huchapishwa magazetini, na idadi yao hujulikana na kila mtu.

Mwaka 1967 ndio uliozifundisha dola mbili zilizokuwa zikishindana angani, Marekani na Umoja wa Kisovieti, namna ya kuomboleza. Januari 27, Wamarekani watatu, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walikufa katika moto ndani ya chombo cha Apollo 1 kilichokuwa kikifanyiwa majaribio kikiwa bado juu ya jukwaa lake huko Florida, kwa kuwa chumba chao kilijazwa oksijeni tupu, ambayo huufanya moto mdogo uwe mkubwa kwa sekunde chache, na mlango wake, uliofunguka kwa ndani, haukuweza kuvutwa dhidi ya shinikizo la hewa iliyopashwa moto. Aprili 24 ya mwaka huohuo Mrusi Vladimir Komarov alikufa akirejea na chombo cha Soyuz 1, ambacho mwavuli wake mkubwa ulikataa kufunguka. Grissom na Chaffee walizikwa katika makaburi ya kijeshi ya Arlington, White katika chuo cha kijeshi cha West Point, na majivu ya Komarov yakawekwa katika ukuta wa Kremlin mjini Moscow, mahali palipotengwa kwa ajili ya watu wakuu wa dola.

Msiba wa Juni 30, 1971 ulikuwa mzito zaidi, kwa sababu ulikuja wakati wa furaha. Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev walikuwa wamekaa angani siku 23, muda ambao hakuna binadamu aliyewahi kuufikia, wakiwa wa kwanza kuishi katika kituo cha anga cha Salyut 1, na wananchi wa Umoja wa Kisovieti walizoea kuwaona kwenye televisheni kama watu wa nyumbani. Chombo chao cha Soyuz 11 kilitua sawasawa huko Kazakhstan, mwavuli ukiwa umefunguka vizuri, lakini waokoaji walipofungua mlango waliwakuta wote watatu wamekufa vitini mwao: vali moja, yaani kifuniko kidogo cha kupitisha hewa, ilikuwa imefunguka mapema mno wakati sehemu za chombo zikitengana, hewa yote ikatoka, na wanaanga hao hawakuwa wamevaa mavazi ya kuwakinga, kwa kuwa chumba kilikuwa finyu kiasi kwamba watatu wenye mavazi hayo wasingeweza kuenea. Majivu yao yaliwekwa katika ukuta wa Kremlin, na miongoni mwa waliobeba jeneza alikuwamo Tom Stafford, mwanaanga wa Marekani, katikati ya Vita Baridi ambavyo viliwafanya raia wa nchi hizo mbili waogopane. Baada ya hapo vyombo vya aina hiyo vilibeba watu wawili tu kwa miaka kadhaa, kila mmoja akiwa na vazi lake la kinga. Maombolezo hayo hayakuishia katika machozi. Yalilazimisha uchunguzi, na uchunguzi ukabadilisha chombo.

Mwezi mmoja tu baadaye, wanaanga wa Apollo 15 walifanya jambo ambalo linastahili kukumbukwa kuliko hotuba nyingi za viongozi. Kamanda David Scott aliacha juu ya uso wa mwezi sanamu ndogo ya alumini, iliyolala kama mtu aliyeanguka, na kando yake kibao chenye majina 14 ya wanaanga waliokwisha kufa, Wamarekani wanane na Warusi sita. Mchongaji wa sanamu hiyo, Paul Van Hoeydonck, alikuwa Mbelgiji, raia wa nchi ileile ambayo katika enzi za ukoloni iliuita mji wa Kalemie kwa jina la Albertville. Majina yalipangwa kwa alfabeti bila kutenganisha taifa na taifa, hata jina la Grissom likaja moja kwa moja kabla ya lile la Komarov, na kwa mpango huo mdogo waliokufa waliachiliwa kutoka katika ushindani ambao wakiwa hai walitumwa kuushiriki.

Lakini hata kibao hicho kilikuwa na mapengo, na mapengo hayo yanafundisha zaidi kuliko majina yaliyomo. Valentin Bondarenko, kijana aliyekuwa katika mafunzo ya urubani wa anga, aliungua hadi kufa Machi 1961 ndani ya chumba cha majaribio kilichojaa oksijeni nyingi, na serikali ya Kisovieti ikalificha jina lake hadi mwaka 1986. Moto uliomuua ulikuwa wa aina ileile iliyowaua watu wa Apollo 1 karibu miaka sita baadaye. Haiwezi kuthibitishwa kwamba habari zake zingewaokoa, lakini ni wazi kwamba anayeficha jina la aliyekufa huficha pia kilichomuua, na walio hai hubaki katika hatari wasiyoijua. Pengo la pili lilikuwa la Robert Lawrence, Mmarekani mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwa mwanaanga, ambaye alikufa Desemba 8, 1967 katika ajali ya ndege ya mafunzo; kwa miaka mingi jeshi la anga la Marekani lilikataa kumhesabu miongoni mwa wanaanga kwa hoja kwamba hakuwahi kufika kimo kilichowekwa. Marekani ilipozindua mwaka 1991 ukuta mkubwa wa mawe meusi yaliyong'arishwa katika kituo cha anga cha Kennedy, ambao majina ya waliokufa yamechongwa juu yake, jina la Lawrence halikuwapo. Lilichongwa mwaka 1997, miaka 30 baada ya kifo chake. Ukuta ule ulikuwa umeachiwa nafasi, na nafasi hiyo ndiyo iliyowezesha kosa kurekebishwa.

Ajali mbili za vyombo vya anga vya Marekani vilivyotumika tena na tena zinajulikana zaidi, hivyo hazihitaji maelezo marefu. Challenger ilisambaratika Januari 28, 1986, sekunde 73 baada ya kuruka, kwa sababu mpira wa kuziba maungio ya roketi yake ya pembeni ulikakamaa kwa baridi, na watu saba walikufa, akiwamo Christa McAuliffe, mwalimu ambaye wanafunzi wa nchi nzima walikuwa wakimtazama; Rais Ronald Reagan aliahirisha hotuba yake ya mwaka kwa bunge ili azungumze na taifa jioni ileile. Columbia ilivunjika juu ya Texas Februari 1, 2003, dakika 16 kabla ya kutua, ikaua wengine saba, na kwa kuwa miongoni mwao walikuwamo Kalpana Chawla, mzaliwa wa India, na Ilan Ramon wa Israeli, msiba huo ulililiwa katika nchi tatu. Siku chache baadaye India iliipa satelaiti yake ya hali ya hewa jina la Kalpana.

Lakini Ziwa Tanganyika, ambalo Kalemie ni bandari yake, halina kamera zinazowasubiri wasafiri wake. Kalemie ni mji uliokua juu ya safari: reli kutoka Kabalo iliufikia mwaka 1915, na tangu hapo mizigo na watu wa Kongo wamekuwa wakishuka garini na kupanda meli kuelekea Uvira, Moba, Kigoma na Bujumbura. Desemba 2014, meli ya Mutambala iliyokuwa imetoka Kalemie kuelekea Uvira ilipinduka ziwani kukiwa na upepo mkali huku ikiwa imejaa kupita kiasi. Idadi ya waliokufa ilipanda siku baada ya siku kadiri miili ilivyookotwa, hadi maafisa wakatangaza 129. Septemba 2019, garimoshi la mizigo lililokuwa limebeba watu wengi waliopanda kwa siri liliacha reli huko Mayibaridi, katika jimbo hilihili. Waziri mmoja wa serikali kuu alitangaza vifo 50, na taarifa zilizofuata kutoka jimboni zikaipunguza hesabu hiyo. Tofauti kati ya hesabu mbili inaweza kuonekana kama jambo la makarani, lakini ndani yake kuna familia ambazo hazijui kama mtu wao amehesabiwa au la. Katika Challenger hakuna aliyehitaji kuuliza walikuwa wangapi.

Tanzania jirani ililijua jambo hili mapema. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa, lakini wa daraja la tatu, waliolipa nauli ndogo na waliokuwa wengi, hawakuwa na orodha. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na wengi wa waliopatikana wakazikwa Igoma, ambako upo mnara wa kumbukumbu. Serikali ilifanya haki kuomboleza. Hata hivyo, daraja la tiketi liliamua nani aombolezwe kwa jina lake na nani aombolezwe kama sehemu ya hesabu, na hilo ni dhuluma hata kama hakuna aliyekusudia kuitenda.

Dini zinazofuatwa Kalemie zimekwisha kujibu sehemu ya swali hili kwa njia zao. Waislamu wana sala ya ghaibu, inayosaliwa kwa ajili ya marehemu ambaye mwili wake haupo mbele ya waumini, na Wakatoliki huomba misa kwa nia maalumu, ambapo padre hulisoma jina la marehemu altareni, iwe mwili umepatikana au umebaki ziwani. Njia zote mbili humwombea mtu anayetajwa kwa jina, wala haziombei hesabu. Ukoo unaoweka matanga bila jeneza unajua vema uzito wa kutaja jina, kwa kuwa hakuna kingine kilichobaki cha kushika.

Haki hiyo ambayo ukoo humtendea mtu wake, umma nao una wajibu wa kuitenda. Orodha ya abiria, yaani karatasi inayoandika jina, umri na makazi ya kila anayepanda, pamoja na jina la ndugu wa kumpasha habari, haigharimu hata sehemu ndogo ya bei ya roketi moja. Ikiandikwa nakala mbili, moja ikabaki bandarini na nyingine ikasafiri na meli, waokoaji watajua wanamtafuta nani, na nahodha hataweza kupakia watu mia mbili na kudai kwamba walikuwa mia. Ndiyo maana orodha ni kinga kabla haijawa kumbukumbu. Kwa waliokwisha kufa, viongozi wa jimbo la Tanganyika, maparokia, misikiti na wakubwa wa mitaa wanaombwa wafungue daftari moja la wazi, ambalo kila familia itaandikisha mtu wake bila malipo na bila kudaiwa tiketi kama ushahidi, na ambalo litaachiwa kurasa tupu kwa ajili ya watakaokumbukwa baadaye, kama Lawrence alivyoachiwa nafasi ukutani. Mahali pa kuanzia ni abiria wa Mutambala, na wakati wa kuanza ni sasa, ilhali walionusurika na ndugu wa waliozama bado wapo Kalemie na Uvira na wanayakumbuka majina.