Ada ya Mlangoni

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Lakini si kila afichaye maradhi hupenda kuyaficha. Wako wayafichao kwa kukosa fedha za kulipa mlangoni mwa hospitali. Mlango huo, watu wa Mwingi wameuona ukifunguliwa na kufungwa mara nyingi.

Mwaka 1965, miaka miwili baada ya Uhuru, Serikali ya Kenya iliifuta ada ya shilingi 5 waliyotozwa wagonjwa wasiolazwa tangu enzi ya ukoloni. Mwaka 1966 ikaundwa Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali. Bima hiyo ilianza na watu wa mishahara. Mkulima wa mtama na ndengu wa Mwingi, ambaye mshahara wake ni mvua, hakuwamo.

Fedha za Serikali zilipopungua, Desemba 1989 wagonjwa walitakiwa kuchangia gharama. Mara waendao kutibiwa wakapungua, wala si kwamba maradhi yalipungua. Mwaka 1990 ada ikasimamishwa, wagonjwa wakarudi. Mwaka 1992 ikarejeshwa. Mwaka 2004 ikawa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya, na mwaka 2013 ikafutwa huko kote.

Mwaka huo huo huduma za afya zilikabidhiwa serikali za kaunti, na Mwingi imo katika Kaunti ya Kitui. Jirani yao, Makueni, mwaka 2016 walianzisha mpango wa shilingi 500 kwa kila nyumba kwa mwaka. Wazee waliopita miaka 65 hawakulipa kitu. Kitui wakafuata mwaka 2018, kwa shilingi 1,000.

Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya bima ya 1966. Matibabu ya zahanati yaliwekewa mfuko wa Serikali. Lakini kwa matibabu ya hospitali, sheria ilimtaka asiye na mshahara atoe mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, tena wa mwaka mzima kwa mara moja.

Basi, msomaji, tujifunze mambo mawili. Dawa hazipatikani bila fedha. Na ada iliyo ndogo machoni pa karani ni ukuta mbele ya bibi kizee angojaye mvua. Serikali ikitaka kujua wema wa mpango wake, isihesabu waliolipa tu; na iwahesabu pia waliobaki nyumbani.