Injini ya Baba

Bodi ya Datsun 240Z ya baba imekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba yetu tangu sijaanza shule. Injini na giaboksi viliuzwa mwaka ambao karo ilituelemea. Sasa naifufua, na swali lililoninyima usingizi si la rangi wala viti. Niweke injini gani?

Fundi wangu wa Grogan (sawa, Kirinyaga Road) hakuwa na shaka hata kidogo. "Buda, weka 1JZ. Spea ziko kila kona." Na hakosei. Injini hiyo ya Toyota, ile yenye turbo, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280. L24 ya asili ya 240Z ilikuwa na kama 150 hivi. Hesabu rahisi, ama?

Shida ni kwamba gari hili lina historia hapa kwetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa ndani ya 240Z, na nyuma yao, nafasi ya pili, kulikuwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta. Siku hizo Safari ilikuwa ya Pasaka, msimu wa mvua, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Dereva angeweza kukata kona akutane na ng'ombe au lori. Mehta alizaliwa Uganda. Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, maisha yake yakahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, 1973, yeye na Lofty Drews walimaliza sare ya pointi na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa pia kwenye Datsun, 1800SSS. Ikabidi waangalie nani alifika mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Ushindi ukawa wa Mehta na 240Z.

Baba alikuwa kijana mdogo kando ya barabara hiyo Pasaka. Siku hizi macho yake yamefifia kabisa. Gari likikamilika hataliona. Atalisikia tu.

Basi nikakaa na fundi tukapiga hesabu upya. 1JZ inataka maunti mpya, sakafu ikatwe ili giaboksi yake iingie, propela nyingine, rejeta kubwa. Halafu difu iliyoundwa kubeba farasi 150 inaambiwa ibebe 280. Ukibadilisha difu, breki nazo zinakuangalia. Kila chuma kinaita kingine, na mwisho wa siku una Toyota iliyovaa koti la Datsun.

Kumbe kuna njia ya kati: L28, iliyotumika kwenye 280Z na 280ZX. Ni ukoo uleule wa L24, silinda sita kwa mstari, ila imekua kutoka sisi 2,393 hadi 2,753. Inakaa kwenye maunti za zamani bila kukata kitu, na kabureta mbili za 240Z zinaweza kufungwa juu yake. Giaboksi haikuleta ubishi. 240Z zilizopelekwa Marekani zilikuwa na gia nne. Mimi nilitaka tano, ili injini ipumue kwenye barabara ya Mombasa. Ya 280ZX inaingia bila vita.

"Utajuta ukipitwa na Mark II," fundi akasema, lakini akaifunga.

Tuliiwasha Jumamosi jioni, boneti ikiwa wazi. Baba aliletewa kiti cha plastiki. Akainamisha kichwa, kimya, dakika nzima. Nilisubiri aseme kitu kuhusu 1973.

"Silinda moja haichomi," akasema.

Fundi alicheka. Akakagua moja moja. Ilikuwa plagi ya nne.