Halo Ilibaki, Walioitengeneza Wakasepa: Vita ya Kumiliki Magemu

Julai 1999, mjini New York, Steve Jobs alipanda jukwaani kwenye maonyesho ya kompyuta za Mac na kuwaonyesha watu gemu ambayo ilikuwa haijatoka. Jina lake Halo. Watu walishangilia kweli kweli, maana wenye Mac walikuwa wamezoea kuambulia makombo kwenye mambo ya magemu. Waliokuwa wanaitengeneza ni Bungie, studio ya Chicago ambayo mashabiki wa Mac waliijua siku nyingi.

Haukupita hata mwaka. Juni 2000 Microsoft ikainunua Bungie nzima, watu na gemu yao. Xbox ya kwanza ilipoingia madukani Marekani tarehe 15 Novemba 2001, Halo ilikuwa ya Xbox, na wenye Mac wakabaki wanasubiri mlangoni.

Microsoft ilikuwa na sababu. PlayStation 2 ilikuwa imeshatangulia sokoni zaidi ya mwaka mzima, na mashine bila gemu ya kwake ni sanduku zito tu la kuwekea vumbi. Hakuna anayenunua konsoli kwa sababu ya chipu. Mtu ananunua kwa sababu kuna gemu anaitaka na haipo kwingine. Sasa hiyo gemu unaipataje? Unaitengeneza mwenyewe, unamlipa mtu akutengenezee, au unanunua aliyeitengeneza. Njia zote tatu zimeshawahi kumtoa mtu, na zote zimeshawahi kumliza.

Nintendo ndiyo mfano wa anayejitengenezea, na ilianza kwa shida. Mwanzoni mwa miaka ya 80 ilipeleka Marekani mashine za gemu iitwayo Radar Scope, zile za kuingiza sarafu, hazikuuzika. Mashine kibao zimelala ghalani. Kazi ya kuziokoa akapewa kijana msanifu ambaye hakuwa hata mtaalamu wa programu. Mpango wa awali ulikuwa kumtumia Popeye, yule baharia wa katuni anayekula mchicha, ila ruhusa haikupatikana. Ikabidi abuni wahusika wake: sokwe, binti, na fundi mwenye masharubu. Ndiyo Donkey Kong ya 1981, na yule fundi ndiye baadaye tukamjua kama Mario. Wangempata Popeye siku ile, Nintendo ingekuwa inalipia jina la watu mpaka leo.

Sega wakajibu mwaka 1991 na Sonic, rangi ya bluu kama nembo ya kampuni, mbio kama kaibiwa simu. Alifanya kazi yake. Ila hadithi tamu zaidi ni ya Sony.

Sony iliingia na PlayStation Desemba 1994 bila Mario wala Sonic. Mwaka 1996 ikampata Crash Bandicoot, kazi ya studio ya Marekani iitwayo Naughty Dog. Sony ilimfanya kama mwanawe. Kwenye tangazo moja la televisheni, mtu aliyevaa vazi la Crash alikwenda kusimama nje ya ofisi za Nintendo Marekani na kipaza sauti, akimtukania Mario kwake. Dunia nzima ikaamini Crash ni wa PlayStation.

Kumbe hakuwa wao. Mkataba ulisema mwenye jina ni Universal. Sony ilikuwa inasambaza tu. Ilipoinunua Naughty Dog mwaka 2001, ilipata vichwa vyote vilivyomzaa Crash, lakini Crash mwenyewe akabaki nje ya geti. Baada ya hapo akaanza kuonekana kwenye Xbox na kwenye GameCube, mashine ya Nintendo hiyo hiyo aliyoitukana. Umiliki ukazunguka: Vivendi, kisha Activision, na Oktoba 2023 Microsoft ikainunua Activision. Yaani yule sura ya PlayStation ya kwanza, kisheria, leo ni mali ya wenye Xbox.

Sony ililia? Wala. Naughty Dog walitoa Jak and Daxter mwaka ule ule wa 2001, Uncharted 2007, The Last of Us 2013. Hayo yote majina ni ya Sony.

Linganisha na Microsoft na Rare. Hii studio ya Uingereza ilikuwa moto wa kuotea mbali enzi za Nintendo. GoldenEye ya 1997 ilifanya marafiki wagombane kabisa sebuleni. Nintendo ilikuwa na karibu nusu ya hisa zake, na ingeweza kuichukua yote. Haikutaka. Mwaka 2002 Microsoft ikalipa dola milioni 375. Donkey Kong, ambaye Rare walikuwa wamemfufua miaka ile, akabaki Nintendo kwa kuwa ni mali yao. James Bond naye ana wenyewe. Na wengi waliofanya kazi zile za dhahabu wakaondoka kidogo kidogo. Rare ilichukua miaka mpaka kupata gemu kubwa tena ya kwake, Sea of Thieves, mwaka 2018.

Bungie nao walichoka. Halo 3 ilitoka Septemba 2007, na mwezi uliofuata studio ikatangaza inajitenga na Microsoft iwe huru. Jina Halo likabaki kwa Microsoft, ambayo ikaunda timu mpya ya kuliendeleza. Mashabiki wamebishana tangu hapo kama Halo bila Bungie ni Halo. Ukicheza Reach ya 2010, ya mwisho waliyoitengeneza wao, halafu ukaingia kwenye zilizofuata, utaelewa ubishi unatoka wapi.

Njia ya kumlipa mtu nayo ina mitego. Sony iligharamia Demon's Souls ya FromSoftware, ikatoka Japani Februari 2009. Kisha Sony wenyewe wakakataa kuisambaza Marekani, wakaona ngumu mno, haitauzika. Kampuni nyingine ikaichukua kule, na watu wakaipenda mpaka basi. Kwa kuwa jina lilikuwa la Sony, FromSoftware wakaanzisha jina jingine na msambazaji mwingine, kwa PlayStation na Xbox: Dark Souls, 2011. Baadaye Elden Ring. Sony ilikuwa na tiketi mkononi ikaitupa.

Miaka ya karibuni mambo yamekuwa ya pesa ndefu. Microsoft ilitoa dola bilioni 7.5 kwa wenye Bethesda, halafu karibu bilioni 69 kwa Activision Blizzard, mpaka serikali ya Marekani ikaenda mahakamani kuizuia. Ili ipite, Microsoft ilisaini kuiacha Call of Duty kwa Sony miaka kumi. Unalipa pesa yote hiyo, na gemu kubwa kuliko zote inabaki kwa mpinzani.

Waliolipia zaidi si mabosi. Januari 2024, miezi mitatu tu baada ya dili kufungwa, Microsoft ilipunguza watu 1,900 kwenye kitengo cha magemu. Mei ikafunga studio ya Japani iliyotengeneza Hi-Fi Rush, gemu iliyosifiwa kila kona. Kampuni ya Korea ikaja kuiokoa pamoja na jina lake.

Upande wa Sony hali si shwari pia. Iliinunua studio iitwayo Firewalk mwaka 2023 ili ipate gemu mpya ya mtandaoni, Concord. Ilitoka 23 Agosti 2024. Tarehe 6 Septemba ikazimwa, wachezaji wakarudishiwa hela. Oktoba studio ikafungwa.

Na Bungie? Januari 2022, wiki mbili baada ya Microsoft kutangaza dili la Activision, Sony ikatangaza inainunua Bungie kwa dola bilioni 3.6. Waliozaa Halo wakahamia nyumba ya jirani. Julai 2024 wafanyakazi 220 wa Bungie wakapoteza kazi.

Oktoba 2025 Microsoft ikatangaza kwamba Halo ya kwanza inaundwa upya na itatoka 2026, ikiwemo kwenye PlayStation 5. Bungie hawamo kwenye mradi huo. Wao, wakiwa chini ya Sony, walikuwa wanafufua Marathon, gemu yao ya Mac ya 1994, na mashine walizoitangazia tangu 2023 ni PlayStation 5, kompyuta, na Xbox.