Neno la Ahmed bin Ibrahim mbele ya Kabaka Suna: Je, Bila ya Mungu Kuna Wema na Ubaya?



Ndugu wasomaji, vijana wetu walioko vyuoni hapa Kampala huulizwa mara nyingi na wenzao: Je, bila ya Mungu kuna wema na ubaya wa kweli, au kila jamii hujipangia wake? Wengi hudhani swali hili limeletwa na vitabu vya Ulaya. Ukweli ni kwamba lilizuka hapa Buganda zaidi ya miaka 150 iliyopita, tena watu walipokuwa wanapelekwa kuuawa.

Mwaka 1844 alifika Buganda mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, akitokea pwani. Kabaka wakati huo alikuwa Suna II. Kabaka aliweza kuamuru watu wauawe, wakati mwingine wengi kwa mara moja, na hakuna aliyethubutu kuuliza sababu. Inasimuliwa kwamba amri kama hiyo ilipotolewa, Ahmed alisimama barazani akamwambia Suna kuwa watu hao wameumbwa na Mwenyezi Mungu, ambaye ndiye aliyempa yeye ufalme, na kwamba kuwaangamiza ni dhambi kubwa. Suna akajibu kuwa ufalme wake amepewa na miungu ya kwao. Ahmed hakurudi nyuma, akalirudia neno lake. Baadaye Suna mwenyewe alitaka kujua zaidi, akawa anafundishwa Qur'ani. Kwa njia hiyo Uislamu uliingia katika baraza la Buganda.

Tuitazame hoja yenyewe. Ahmed hakusema kwamba kwao pwani watu hawafanyi hivyo. Angesema hivyo, Suna angemjibu kuwa hapa ni Buganda na desturi ni hii, na maneno yangekwisha. Alitaja kipimo kilicho juu ya Kabaka na juu yake yeye mwenyewe. Ikiwa hakuna aliye juu ya mfalme, basi haki ni kile anachokitaka mfalme. Na tukisema haki ni kile wanachokubaliana walio wengi, wachache wakionewa watamshitakia nani?

Mtu atasema: mbona wapo wasioamini Mungu nao ni waaminifu na wenye huruma? Ni kweli, wapo. Hata jamaa za wale waliouawa kwa amri ya Suna hawakumngoja mgeni wa pwani ndipo wajue kwamba wamedhulumiwa. Lakini kuutambua wema ni jambo moja, na msingi wa wema ni jambo lingine. Mtoto hunywa maji kabla hajajua chemchemi iko wapi. Sisi tunaamini kwamba Mwenyezi Mungu amempa kila mwanadamu fitra, ndiyo maana dhulma humuuma hata asiyeswali.

Wanavyuoni wetu wa zamani walilijadili jambo hili kwa kina. Mu'tazila walisema akili yenyewe hutambua jema na baya. Ash'ari walisema jema ni lile aliloliamuru Allah. Maturidi walikubali kwamba akili hutambua mengi, ila haitoshi bila ya wahyi. Kwa hiyo kijana asiogope kuuliza. Wakubwa wake waliuliza kabla yake.

Hata hivyo, kumtaja Mungu peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwema. Mutesa I, mwana wa Suna, alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867 na akaendelea kwa takriban miaka 10. Alijenga msikiti na kuamuru watu wasalimiane Kiislamu. Lakini vijana Waislamu wa ikulu yake walipokataa kuswali nyuma yake kwa kuwa hakutahiriwa, wakakataa na nyama yake kwa kuwa haikuchinjwa na Mwislamu, aliamuru wauawe mwaka 1876. Wanaotajwa ni zaidi ya 70, na wengi waliuliwa Namugongo. Mutesa aliitaka dini iwe chini yake. Vijana wale walilielewa neno la Ahmed kuliko yeye.

Neno hilo linatuhukumu na sisi. Misafara ya pwani iliyoleta Qur'ani ilirudi na pembe za ndovu na watumwa, nao pia ni viumbe vya Allah. Na katika utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, Waislamu tulipata Baraza letu Kuu mwaka 1972. Mwaka huo huo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani na hakuonekana tena. Mwaka 1977 akauawa Askofu Mkuu Janani Luwum. Tukinyamaza kwa sababu mtawala alikuwa Mwislamu mwenzetu, tutakuwa tumerudia jibu la Suna: huyu ni wetu, asiulizwe.

Wazazi, mtoto akiuliza kwa nini kuiba au kumpiga mnyonge ni vibaya, tusimjibu tu kwamba watu watatucheka au polisi watakuja. Watu hunyamaza, na polisi huhongwa. Tumwambie kwamba yule aliyeonewa ameumbwa na Allah, na Allah atauliza. Kisha atuone sisi wenyewe tukiogopa kuulizwa huko: dukani kwenye mizani, na nyumbani kwa msichana wa kazi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.