Historia Yetu Ndani ya Kopo: Masoko ya Vitu Vikuukuu Bujumbura

Bismillahir Rahmanir Rahim



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tunapita karibu nalo kila siku bila kulitazama. Ni vile vitu vikuukuu vinavyopangwa chini juu ya turubai katika masoko ya mji wetu wa Bujumbura: Ruvumera pale Buyenzi, Kwijabe, na vichochoro vya karibu na gereji. Katikati ya kufuli, bawaba, pasi za mkaa, taa za chemni na redio zisizosema tena, mara nyingi utakuta kopo la sarafu za zamani au bunda la karatasi. Watu huvipita kama takataka. Sisi tunasema kwamba humo mna historia yetu, na kwamba tunaiuza kwa bei ya karanga.

Jumamosi moja tuliwachukua vijana wetu wa madrasa tukaenda nao sokoni. Tuliwapa sharti moja: kila mmoja anunue kitu kidogo cha zamani, kisha aeleze kilifikaje hapa. Haya ndiyo tuliyojifunza.

KWA NINI BUYENZI?

Kabla ya Wazungu, njia ya misafara kutoka Bagamoyo iliishia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Kutoka hapo wafanyabiashara Waislamu walipanda mitumbwi na majahazi wakaja Rumonge na Uzige, ambako leo ni Bujumbura. Walileta nguo, chumvi na shanga. Katika soko la Ujiji shanga zilikuwa fedha kamili: aina iliyoitwa sofi ilitumika kununulia samaki na unga, na katika hesabu za shanga za misafara kete 10 zilifanya fundo moja. Tusifiche pia kwamba wapo waliofanya biashara ya pembe na ya watu. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wenye silaha, akina Rumaliza wa Ujiji, wasiingie milimani. Kwa hiyo Uislamu wa nchi hii ulikaa kwanza ufukweni, na ulikaa pamoja na soko.

Wajerumani walipoweka kituo chao Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, Waswahili ndio waliokuwa makarani, wakalimani, askari na wachuuzi. Baadaye, chini ya Wabelgiji, Buyenzi ikawa makazi yao: watu wa Ujiji, Wamanyema, Wakongo na Warundi waliosilimu, katika barabara zenye namba badala ya majina. Kiswahili kikabaki kuwa lugha ya mtaa na ya biashara. Hata neno "caguwa" tunaloitia mitumba, sisi na jirani zetu wa Rwanda, ni "chagua" ya Kiswahili.

SARAFU KIGANJANI

Vijana walirudi na sarafu kadhaa. Tulizipanga kwenye mkeka kwa umri, na somo likajisomesha lenyewe.

Ya kwanza ni pesa ya shaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotolewa kati ya 1890 na 1892. Upande mmoja ina tai na maneno ya Kijerumani. Upande wa pili ina herufi za Kiarabu na mwaka wa Hijria, 1307. Vijana walishangaa: Wajerumani na Hijria wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Watu waliofanya biashara nao walisoma herufi za Kiarabu, na mgeni anayetaka fedha yake ipokelewe huiandika kwa maandishi ya mwenyeji. Pesa 64 zilifanya rupia moja.

Ya pili ni heller, iliyoanza mwaka 1904, ambapo heller 100 zilikuwa rupia moja. Hapa herufi za Kiarabu hazipo tena. Mgeni alikuwa amekwisha kuwa mwenye nyumba. Zile za heller 10 zina tundu katikati, na wengi huzidhani ni washa za bolti. Pengine ndiyo sababu huzikuta karibu na gereji!

Kisha vita. Wabelgiji waliingia Usumbura Juni 1916. Mwaka huohuo Wajerumani waliozingirwa walitengeneza sarafu zao wenyewe mjini Tabora, wakaweka herufi T chini ya mwaka. Mji huo nao ukaanguka Septemba.

Baada ya hapo ni faranga za Wabelgiji. Ipo ya faranga 2 ya mwaka 1943, yenye pembe sita na picha ya tembo, iliyopigwa Philadelphia, Marekani, kwa kuwa Ubelgiji yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Ipo ya faranga 5 ya 1952, yenye majina ya Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi kwa pamoja. Ipo ya faranga 1 yenye simba, ya benki iliyotumikia Rwanda na Burundi kwa pamoja hadi 1964. Na ipo ya 1965 iliyoandikwa jina la Ufalme wa Burundi. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Novemba 1966, ufalme ulifutwa.

Kutoka pesa hadi faranga ya kifalme ni miaka 75 tu. Katika miaka hiyo mchuuzi mmoja wa Buyenzi aliyeishi umri mrefu angeweza kushika zote. Na tukumbuke kwamba wachuuzi hao hawakuwa watazamaji. Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanzisha ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957, na baadaye alipoongoza chama cha UPRONA kudai uhuru, Waswahili wa mjini walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962 bila yeye.

KARATASI YA KARANGA

Kilichotugusa zaidi siku ile hakikuwa sarafu. Binti mmoja alinunua karanga, akapewa zimefungwa katika karatasi ya kale yenye herufi za Kiarabu. Alishtuka, akamwaga karanga, akaibusu karatasi akidhani ni ukurasa wa Msahafu. Muuzaji naye alishtuka, maskini, akaapa kuwa hakujua. Tulimpa thamani ya bunda lote lililobaki tukaenda nalo kwa mzee mmoja wa mtaani.

Mzee alivaa miwani, akasoma kimya, kisha akacheka kidogo.

"Hii si Qur'ani, wajukuu zangu. Hiki ni Kiswahili. Someni basi!"

Hakuna aliyeweza. Vijana wetu wanasoma herufi za Kiarabu kila siku, na Kiswahili ndiyo lugha yao, lakini hawajawahi kuviona pamoja. Mzee akawasomea: ni barua ya mtu wa Ujiji kwa mwenzake wa Usumbura, akimkumbusha deni la nguo na mizigo ya dagaa, na akiomba kwa adabu alipwe kabla ya Ramadhani. Mwaka ulikuwa umeliwa na mchwa.

"Amelipwa?" akauliza binti.

"Mwenye deni na mwenye kudai wote wametangulia," akajibu mzee. "Sisi tuwaombee Mungu awasamehe."

Tulikaa kimya. Tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe. Mtu huyu alitii amri hiyo, akaandika kwa lugha yake, kwa herufi alizofundishwa chuoni. Na karatasi yake ilibaki dakika chache tu kabla ya kutupwa mtaroni na maganda.

Ni ngapi zimekwisha kupotea namna hiyo? Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura liliungua, na watu walipoteza mitaji ya maisha yao. Vita iliyoanza Oktoba 1993 iliwafanya maelfu wakimbie na kuacha masanduku. Lakini moto na vita hatukuvichagua. Kopo la babu tunaliuza wenyewe.

ADABU ZA SOKO

Jina "Mswahili" katika nchi hii limetumika pia kwa maana ya mjanja, mtu wa maneno. Tusikasirike tu, tujiulize. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu umefichwa chini, alimkemea muuzaji na kujitenga na wadanganyifu. Basi anayeuza kitu kikuukuu na aonyeshe ufa wake. Anayenunua naye asimpunje mjane asiyejua thamani ya alichobeba. Na kitu ambacho unajua kimeibwa, au kimechukuliwa katika nyumba ya waliokimbia, si halali kwako hata kikiwa rahisi namna gani.

Wengi tunaijua pia hadithi aliyoisimulia Mtume (s.a.w.), ya mtu aliyenunua ardhi akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akaurudisha kwa muuzaji, na muuzaji akaukataa, kila mmoja akisema si wangu. Hakimu akawaozesha watoto wao, na mali ikatumika kwao na katika sadaka. Hao ndio wanunuzi na wauzaji wa kuigwa.

NASAHA KWA FAMILIA

1. Kabla ya kuuza vitu vya marehemu, wakalisheni watoto na wazee pamoja, muulizane: hiki kilikuwa cha nani, na kilifikaje?

2. Karatasi yoyote yenye herufi za Kiarabu msiifanye kifungashio. Kama ni ukurasa wa Msahafu uliochakaa, uzikwe mahali safi au uchomwe kwa heshima, kama Sayyidna Uthman (r.a.) alivyoamrisha nakala zichomwe. Kama ni barua, hifadhini mahali pakavu.

3. Sarafu msizisugue kwa mchanga wala ndimu. Zinaharibika maandishi, na maandishi ndiyo habari yenyewe.

4. Walimu wa madrasa, tengeni japo saa moja kwa wiki mfundishe kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, maadamu wazee wanaojua wapo.

Barua ile tumeiweka ndani ya kitabu kizito ili ikunjuke. Yule binti ameanza kuisoma mwenyewe, neno moja moja, na ameshafika kwenye salamu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.