Fimbo Kando ya Kibuyu: Unene Ulivyotengenezwa Karagwe

Novemba 1861, John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile, alifika kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Kagera, Tanzania. Alikaa hapo hadi Januari 1862, na katika kitabu alichokitoa 1863 zimo kurasa chache kuhusu wanawake wa ukoo wa mfalme ambazo watu hawajaacha kuzisimulia. Alikuta wake wa kifalme wanene kiasi cha kutoweza kusimama wenyewe. Mmoja wao, shemeji wa mfalme, alimpima kwa utepe: mkono wa juu inchi 23 kuzunguka, kifua inchi 52, paja inchi 31, shavu la mguu inchi 20. Kimo alikitaja kuwa futi 5 na inchi 8, akakiri kwamba hicho hakuwa na hakika nacho. Mama huyo hakukubali kupimwa bure. Ilibidi mgeni naye afunue miguu na mikono yake aonekane alivyo, na hayo yalikuwa mapatano ya haki kuliko mengi waliyofanyiwa Waafrika na wapimaji wa miili waliokuja baadaye. Pembeni alikuwepo binti wa miaka kama 16, akinywa maziwa chomboni bila kupumzika, na baba yake ameketi karibu naye ameshika fimbo.

Wanaosimulia habari hii hukomea kwenye inchi. Husema: tazameni, zamani Waafrika waliupenda unene, leo tumefundishwa kuuchukia, kwa hiyo uzuri ni suala la mtazamo tu. Si uongo, ila ni sehemu nyepesi ya ukweli. Ningependa tuitazame zaidi ile fimbo. Kama unene ulikuwa fahari ya ukoo, na binti alijua kwamba ndio utakaompa ndoa na heshima, fimbo ilikuwa ya nini? Jibu langu ni kwamba baraza la Karagwe lilijua jambo ambalo wahubiri wa kupunguza mwili wa siku hizi wamelisahau: mwili hauhamishwi kwa hamu ya mwenyewe peke yake. Palipotakiwa mwili wa namna fulani, paliwekwa mali, kazi ya watu wengine, muda mrefu na usimamizi. Aliyenenepa hakusifiwa kwa kujituma, kwa sababu kila mtu aliona ni nani na nini vilivyomnenepesha.

Tupige hesabu ya juu juu. Lita moja ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta ina takriban kalori 600 hadi 700. Mtu anayetakiwa kula kalori 4,500 kwa siku, akinywa maziwa tu, anahitaji kama lita saba. Ng'ombe wa pembe ndefu wa Karagwe na Ankole si ng'ombe wa maziwa mengi. Hutoa lita chache kwa siku, na ndama naye ana fungu lake. Hivyo mwanamke mmoja aliyenona alikuwa na ng'ombe kadhaa wanaokamuliwa kwa ajili yake tu, na nyuma yao kundi kubwa zaidi, maana si kila jike ana maziwa kila msimu. Ongeza wachungaji, wakamuaji (kwa Wahima, yaani wafugaji wa nchi hizo, kazi hiyo ilikuwa ya wanaume), na watumishi wa kumhudumia mtu asiyetembea. Ongeza pia wakulima waliolisha nyumba ya mfalme kwa ndizi na mtama ili ng'ombe waachiwe wenye ng'ombe. Mwili ule ulikuwa hesabu ya mali iliyowekwa mahali ambapo kila mgeni angeiona. Mkulima wa Karagwe hangeweza kumnenepesha mkewe hivyo hata angetamani vipi, na hakuna aliyesema kwamba mke wa mkulima ni mwembamba kwa sababu hana nia.

Kuna pingamizi mbili hapa, na zote zina nguvu. Ya kwanza ni kuhusu shahidi. Speke hakuwa mtazamaji mtulivu. Aliamini kwamba watawala wa Karagwe ni uzao wa wageni waliotoka Uhabeshi, tofauti na raia wao, na nadharia hiyo ya rangi ilikuja kuleta madhara makubwa katika nchi za Maziwa Makuu. Mtu wa aina hiyo akishika utepe, hatafuti inchi tu. Hata hivyo desturi ya kunenepesha wasichana wa Kihima kabla ya ndoa haisimami juu ya ushahidi wake pekee. Upande wa pili wa mpaka, huko Nkore (Ankole) katika Uganda ya leo, desturi hiyo iliendelea kuonekana hadi karne ya ishirini. Pingamizi ya pili ni ya haki: je, huku si kuupamba udhalimu? Binti alishikiwa fimbo ili anywe, na mwanamke asiyeweza kusimama hawezi kukimbia wala kukataa. Nakubali kabisa. Simtaji yule binti kama kielelezo cha wanawake walioridhika na miili yao. Namtaja kwa sababu mateso yake ni ushahidi. Hata kama alikuwa ameshiba tangu asubuhi na mwili wake ukamwambia basi, fimbo ilimwambia endelea. Mwili wenyewe ulikuwa unakataa.

Kwamba mwili hukataa kunenepa kama unavyokataa kukonda, sayansi ilikuja kuthibitisha karne moja baadaye, mahali pasipohusiana kabisa na Karagwe. Katika miaka ya 1960 daktari Ethan Sims aliwashawishi wafungwa wa gereza moja la Vermont, Marekani, wajitolee kula hadi uzito wao uongezeke kwa robo hivi. Ilichukua miezi ya kula kwa kujilazimisha, baadhi walishindwa kufikia lengo, na wengi waliporudi kwenye chakula cha kawaida uzito ulishuka karibu na pale ulipokuwa. Mwaka 1990 Claude Bouchard na wenzake huko Quebec wakatoa matokeo ya jozi 12 za vijana pacha wa kufanana waliolishwa kalori 1,000 za ziada kwa siku 84 kati ya 100. Chakula cha ziada kilikuwa kilekile, lakini mmoja aliongezeka kilo 4 na ushee na mwingine zaidi ya kilo 13, na pacha walifanana na pacha wao kuliko walivyofanana na wengine. Upande wa kukonda habari ni hiyohiyo. Washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani, The Biggest Loser, walifuatiliwa na Kevin Hall: miaka sita baada ya shindano walikuwa wamerudisha kwa wastani kilo 41 kati ya 58 walizopoteza, na miili yao ilikuwa ikitumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hao ndio watu waliohamasishwa kuliko wote: kamera, zawadi ya fedha, mwalimu akipiga kelele sikioni. Ile ilikuwa fimbo ya Karagwe iliyogeuzwa upande, na ilipoondolewa mwili ulirudi ulikotoka.

Fahari ya Karagwe yenyewe haikudumu. Rumanyika alifariki mwishoni mwa miaka ya 1870, ukoo ukagombana, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ukafyeka ng'ombe wa Maziwa Makuu. Fahari iliyotegemea maziwa ya makundi makubwa haikuhitaji mhubiri wa kuikosoa, ilikosa malighafi. Lakini maana ya unene ilibaki hata kundi lilipokwisha, ikashuka kutoka barazani hadi kwa watu wa kawaida na kuchanganyika na desturi za pwani na za mijini. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, Bukoba kama Dar es Salaam, kumwambia mtu kwamba amenenepa ilikuwa kumpa hongera, na kitambi cha mwanamume kilitangaza mshahara wake kabla hajafungua mdomo.

Halafu likaja pigo ambalo liliupa wembamba maana mpya, na tena Kagera ndiyo iliyolipata mwanzo. Mkoa ulikuwa haujapumzika na uvamizi wa majeshi ya Idi Amin wa 1978 na vita vilivyofuata. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walipatikana hapo. Kabla ya jina hilo rasmi watu walikuwa na majina yao. Upande wa Kagera uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichovushwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, na wapo waliodai ni uchawi wa kulipiza dhuluma za biashara ya mpakani. Upande wa Uganda uliitwa Slim, yaani wembamba, na kwa jina hilohilo madaktari wa Uganda na wenzao waliutangaza katika jarida la Lancet mwaka 1985. Mwaka huohuo mkutano wa Shirika la Afya Duniani huko Bangui ulitoa vigezo vya kuutambua ugonjwa mahali pasipo maabara, na miongoni mwa dalili kubwa ni kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa mwili. Yale yaliyokuwa yakinong'onwa kijijini yakawa mwongozo wa kitabibu: aliyepungua anashukiwa.

Sidhani kama waandishi wa mambo ya lishe wameupima vya kutosha uzito wa miaka ile. Katika nyumba za Muleba au Bukoba Vijijini, mwili ulisomwa kama hati. Mtu aliyepungua kwa sababu ya kazi, msiba au vidonda vya tumbo alilazimika kujieleza, na mjane mwembamba alikosa mchumba. Kisha, kuanzia 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure na serikali, kilo zinazorudi zikawa habari njema inayoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Nazo dawa hizo zilikuja na kejeli zake. Stavudine, iliyotumika sana mwanzoni, iliweza kukausha mashavu na mapaja huku ikijaza tumbo, hivyo wagonjwa wakapata umbo ambalo majirani walijifunza kulitambua. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe hatua kwa hatua. Dolutegravir, inayotumika sasa, hufubaza virusi vizuri zaidi, na tafiti zimeonyesha kwamba baadhi ya watumiaji, hasa wanawake, huongezeka uzito kwa kiasi kinachowapa madaktari wasiwasi mpya. Muuguzi yuleyule aliyeshangilia mizani ikipanda sasa anatakiwa kukunja uso.

Ni kwa watu wenye historia hii tunapeleka somo la kukonda. Nakubaliana na wanaolipeleka kwamba lina sababu. Utafiti wa taifa wa 2015–16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa kuzaa Tanzania wana uzito uliozidi, na kisukari na shinikizo la damu si mitindo iliyoletwa na magazeti ya Ulaya. Anayesema unene wote ni salama kwa kuwa mababu waliupenda, asome tena kuhusu yule mama asiyeweza kusimama. Tatizo langu ni lugha ya somo lenyewe. Kila tangazo la chai ya kukata tumbo na kila mkufunzi wa simuni humwambia mwanamke kwamba kilichopungua ni nia yake. Watasema: mbona wapo waliofaulu? Wapo, na ni heri kwao. Lakini mwaka 2021 jaribio kubwa la semaglutide, dawa ya sindano ya kupunguza uzito, liliwapa washiriki wote ushauri uleule wa chakula na mazoezi. Waliochomwa dawa walipungua karibu asilimia 15 ya uzito, waliochomwa dawa bandia asilimia 2 na nusu hivi. Sioni kwa nini tuamini kwamba kundi la kwanza lilikuwa na roho ngumu zaidi ya la pili. Kilichobadilishwa ni njaa yenyewe.

Dawa hiyo ni ghali mno kwa mama muuza ndizi wa Kayanga, Karagwe, na ndipo swali la Karagwe linaporudi likiwa la kisera badala ya kimaadili. Unene wa kifalme ulikuwa na mlipaji: mfalme alitoa ng'ombe, na raia wakatoa jasho. Wembamba tunaoudai leo nani anaulipia? Chai yenye sukari na andazi ndicho kifungua kinywa cha bei ndogo kinachomfikisha mtu saa nane mchana. Mboga na samaki wa Ziwa Victoria vinahitaji fedha na mtu mwenye muda wa kupika. Mazoezi ya jioni yanahitaji barabara ambayo mwanamke haogopi kupita. Halmashauri, wizara na waajiri wanaweza kuvipangia bajeti vitu hivyo vyote. Wakishindwa, waseme wameshindwa, wala wasimtume muuguzi kumuuliza mama huyo kwa nini hana motisha.