Them Mushrooms na baiti 128

Nimeadimika kidogo, kazi zilinibana. Leo tupumzike na mambo ya seva, tuongee kuhusu bendi. Lakini usiondoke, kompyuta iko humu humu.

Mwaka 2006 mjomba wangu, dereva mstaafu wa matatu za Meru–Maua, aliniletea katoni ya kanda. Alitaka nizihamishie kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza. Nikaunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, nikarekodi, nikaanza kuandika majina. Kanda nyingi hazikuwa na karatasi ya maelezo. Nilipofika "Jambo Bwana" nikaandika msanii: Boney M. Ndivyo nilivyokuwa nimeona mtandaoni.

Mjomba akasoma kioo, akasema: "Wewe kijana, hawa ni Mushrooms, watoto wa Pwani. Mbona wimbo wao umewapa wageni?"

Niliona haya, ndipo nikaanza kuwafuatilia.

Bendi ilianza Mombasa kwa jina la Avenida Success, na mwaka 1972 ikawa Them Mushrooms. Kiongozi alikuwa Teddy Kalanda Harrison, pamoja na ndugu zake akina Billy Sarro, George Zirro na John Katana. Walipiga kwenye hoteli za ufukweni, mbele ya watalii. Mwaka 1981 walirekodi "With My Guitar" na "Nyambinge" katika studio ya CBS Nairobi, na wanahesabiwa kuwa wa kwanza kurekodi reggae Afrika Mashariki.

Hapa wapenzi wa ska wasikilize. Ska ilianza Jamaica mwishoni mwa miaka ya 1950. Gitaa lake haligongi kwenye pigo, linagonga katikati ya pigo na pigo. Ilipopunguzwa mwendo ikawa rocksteady mnamo 1966, ikapunguzwa tena ikawa reggae karibu na 1968. Huko Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, vijana waliirudisha ska mbio mbio na kuichanganya na punk. Mushrooms wao walimchukua mtoto wake mpole, reggae, wakamlea Pwani.

Halafu ikaja "Jambo Bwana", mtunzi wake Teddy Kalanda. Ni maneno ya salamu tu, yale ambayo mtalii hujifunza siku ya kwanza. Ilitoka mwaka 1982, na mwaka 1983 Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani, wakatoa toleo lao. Baada ya hapo kila bendi ya hoteli ikawa na la kwake. Wimbo ukajulikana kuliko mwenyewe. Wako wanaodhani ni wimbo wa asili, usio na mtunzi.

Bendi haikukaa kungoja. Mwaka 1987 ilihamia Nairobi. Ikarekodi taarab na Malika, ikashirikiana na Queen Jane aliyeimba Kikuyu, na mkongwe Fundi Konde. Ikazirudia zilizopendwa. Mwaka 2002 ikajiita Uyoga, yaani jina lile lile kwa Kiswahili.

Sasa tuingie kwenye faili. Maelezo ya MP3 tuliyotumia wengi yanaitwa ID3. Toleo la kwanza, la mwaka 1996, ni baiti 128 zilizobandikwa mwisho wa faili. Zihesabu: 3 za neno TAG, 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni, na 1 ya aina ya muziki. Jumla 128. Umemwona mtunzi? Hayumo. Hakutengewa hata baiti moja.

Na ile baiti ya aina ya muziki ni namba tu. Orodha ya kwanza ilikuwa na aina 80. Reggae ni 16, ska ni 21, punk ni 43. Benga, taarab na chakacha hazimo kabisa. Bendi iliyopiga reggae leo na taarab kesho utaipa namba gani?

Mwaka 1998 ikaja ID3v2, yenye sehemu iitwayo TCOM kwa ajili ya mtunzi. Tatizo ni kwamba kuijaza ni hiari, na wengi wetu hatukuijaza.

Je, ni jambo dogo? Hapana. Rekodi ina namba yake, ISRC, na utunzi una namba yake, ISWC. Bendi 20 zikirekodi wimbo mmoja, kutakuwa na ISRC 20, lakini zote zinapaswa kurudi kwenye ISWC moja, kwa mtunzi mmoja. Kamba hiyo ikikatika, pesa za utunzi hazijui njia ya kwenda nyumbani. Sheria ya hakimiliki ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake.

Teddy Kalanda alifariki Septemba 2024. Piga hesabu: ulinzi huo unafika mwisho wa 2074. Wajukuu wa wajukuu watakuwa wakidai kwa jina ambalo sisi hatukuliandika.

Siku nilipopata habari ya msiba niliifungua tena diski ya mjomba. Msanii: Them Mushrooms, nilikuwa nimesahihisha siku ile ile aliponikaripia. Mtunzi: patupu, kwa miaka 18. Nikaandika Teddy Kalanda Harrison, nikahifadhi. Haikuchukua hata dakika.

Nimebaki na mafaili mengine 400 na kitu kwenye katoni ile, na mengi sijui nani alitunga. Mjomba anayajua. Jumamosi napanda Meru na daftari.

Wewe je, kwenye simu yako mtunzi yumo? Niandikie hapo chini. Tukutane wakati mwingine.